Unaamka Mara Ngapi?

Kuna magonjwa yenye heshima na kuna yasiyo na heshima. Hapa Jericho presha ina heshima. Sukari pia. Mtu akisema sukari imepanda, wenzake wanamtafutia kiti kivulini, wanamwagiza chai ya strungi, na Jumapili jina lake linatajwa kanisani. Hata goti bovu lina heshima yake, maana linaonyesha ulifanya kazi maishani. Lakini sijawahi kumsikia mwanamume akisimama mbele ya watu aombewe kwa sababu mkojo umekataa kutoka.

Lugha yenyewe inatusaidia kukwepa. Tunasema haja ndogo. Tunasema kujisaidia, kwenda msalani, kutoka nje kidogo. Gazeti likiandika habari za tezi dume, wazee wa base ya drafti karibu na soko la Jericho wanafungua ukurasa wa michezo haraka sana. Ukimwuliza mmoja wao mbona anaondoka kila baada ya mchezo mmoja, atakuambia ni chai. Ukimwuliza mara ya pili, atakuambia ni uzee. Hakuna anayeuliza mara ya tatu.

Babangu, ambaye nyumbani tunamwita Mzee, alikuwa bingwa wa kusema ni chai. Aliendesha basi la mjini miaka 31, na dereva wa basi hujifunza kufunga mkojo kabla hajajifunza njia za mkato. Foleni ya Jogoo Road haina choo. Unatoka Ofafa asubuhi, unakwama karibu na City Stadium, abiria wamejaa hadi mlangoni, na wewe huwezi kushuka ukawaacha. Mzee alikuwa akituambia hadithi hizi kwa fahari, kama mwanajeshi. Alipostaafu, mwili ulianza kudai madeni yote. Nyumba yetu ni zile za Kaunti, kuta nyembamba, na mlango wa choo una bawaba inayolia. Mwaka wa kwanza bawaba ililia mara moja kwa usiku. Miaka sita baadaye ilikuwa inalia mara nne, tano. Mama alipouliza, jibu lilikuwa lile lile: chai.

Siyo chai. Tezi dume iko chini ya kibofu na imezunguka mrija wa mkojo. Kwa kijana ina ukubwa wa ndimu ndogo hivi. Mwanamume akivuka miaka 50, kwa wengi inaanza kukua polepole, na kwa sehemu kubwa ya watu si saratani. Inakua tu. Shida ni mahali ilipo. Ikikua inaminya mrija, na kibofu kinalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Kibofu ni msuli, na msuli ukisukuma mlango mgumu miaka mingi unakuwa mnene, kisha unachoka. Mkojo unatoka kwa matone, unakatika, unaanza tena. Unatoka chooni ukijua hujamaliza. Baada ya saa moja unaamka tena.

Halafu siku moja kitu kidogo kinafunga mlango kabisa.

*

Kwetu kitu hicho kidogo kilikuwa mafua. Ilikuwa Aprili 2023, mvua imenyesha wiki nzima, na Mzee alikuwa anakohoa. Alimeza tembe za mafua, zile za kawaida ambazo kila mtu anameza. Wengi hawajui kwamba dawa nyingi za mafua zina vitu viwili ambavyo kibofu kilichochoka hakivitaki: kimoja kinalegeza msuli wa kibofu, kingine kinakaza shingo ya kibofu. Kwa mtu wa miaka 25 hakuna shida. Kwa mtu wa miaka 71 mwenye tezi iliyokua, ni kama askari wa trafiki kusimamisha pande zote mbili.

Saa tano usiku bawaba ililia, na haikulia tena kwa muda mrefu. Mama aligonga mlango. Mzee akajibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia: "Haitoki."

Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kulia kwa sababu ya mkojo. Sisemi kulia kwa machozi tu. Alikuwa anazunguka sebuleni ameinama, anashika meza, anashika ukuta, tumbo la chini limevimba na kuwa gumu kama mpira wa miguu. Jirani wa nyumba ya tatu ana probox. Alituendesha hospitalini bila kuuliza ni nini, na mpaka leo hajawahi kuuliza. Hiyo nayo ni aina ya heshima.

Kibofu cha mtu mzima hubeba mililita 400 hadi 600 hivi kabla hajaona dunia ni ndogo. Nesi wa zamu alipomwekea Mzee mpira, zilitoka mililita 1,100. Alizisoma kwa sauti, kwa sauti ya kazi, kama anayesoma mita ya stima. Mzee alifunga macho na kusema, "Asante, mama." Nesi yule alikuwa mdogo kuniliko mimi.

Ule mpira kitaalamu unaitwa katheta ya Foley, kwa jina la Frederic Foley, daktari wa Marekani aliyeubuni miaka ya 1930. Werevu wake uko kwenye ncha: kuna kipira kidogo kinachojazwa maji ukishaingia kwenye kibofu, ili mrija usiteleze nje. Kwa hiyo mpira huo hauvutwi. Ukiuvuta bila kuondoa yale maji kwanza, unapasua njia nzima. Shika hilo, kwa sababu wiki mbili baadaye lilikuwa ndilo swali lenyewe nyumbani kwetu.

Tulirudi nyumbani na Mzee, mfuko wa mkojo, vidonge vya tamsulosini vya kulegeza shingo ya kibofu, na tarehe ya kliniki baada ya wiki tatu. Daktari alimweleza kwamba huenda akahitaji upasuaji. Alitumia dakika saba, na nje kulikuwa na watu kama 50 kwenye mabenchi. Simlaumu kwa zile dakika. Lakini katika dakika saba Mzee alisikia neno moja tu, kisu.

*

Mfuko wa mkojo unabadilisha nyumba. Unatoa sauti. Unataka kumwagwa. Kwetu, binti kuona mkojo wa baba yake si jambo dogo. Shangazi zangu wa Vihiga wangesema halisemwi, halionwi. Mama alikuwa na mgongo mbaya, kaka yuko Mombasa, dada yuko Doha. Mimi ndiye kitinda mimba niliyebaki nyumbani nikifanya kazi kwa laptop. Basi nikawa naumwaga mfuko mara tatu kwa siku, Mzee anaangalia ukuta, mimi naangalia ndoo, na sote tunaongea habari za Gor Mahia. Sijawahi kufuatilia ligi kwa makini kama mwezi ule.

Alikataa kwenda base. Alivaa suruali pana ya marehemu kaka yake, akafunga mfuko kwenye paja, akasimama mbele ya kioo, kisha akaivua. Siku tatu mfululizo. Wenzake walituma salamu: "Mwambie drafti inaoza." Siku ya nne akaniambia, bila kunitazama, kwamba ataung'oa.

"Mzee, hauwezi kuung'oa. Kuna kipira ndani."

"Nitamwambia Baba Mdogo atoe maji na sindano. Ni kitu ya dakika moja."

"Halafu mkojo ukifunga tena?"

Akanyamaza. Mkojo ukifunga ukakaa, unarudi juu hadi kwenye figo, na figo zikijaa zinaanza kufa. Alikuwa anajua. Nesi alikuwa amemwambia. Lakini kati ya figo asizoziona na mfuko anaouona kila mtu, alikuwa tayari kuhatarisha figo.

Dawa zikaanza kuwasili, kama zinavyowasili kila nyumba yenye mgonjwa. Shangazi alituma ndevu za mahindi zilizokaushwa, zichemshwe zinywewe. Baadaye nilikuja kujua kwamba Wachina nao huchemsha ndevu hizo hizo za mahindi kwa kazi hiyo hiyo ya kuongeza mkojo. Ni dawa inayofanya kazi, kwa maana kwamba mkojo unaongezeka. Ila shida ya Mzee haikuwa uhaba wa mkojo. Yeye mwenyewe ndiye alimjibu shangazi kwa simu: "Dada, jam ikiwa City Stadium, kuongeza matatu pale Jericho haisaidii."

Kisha Baba Mdogo akaja na pakiti. Aliinunua kwa mtu anayetembeza dawa za Kichina kwenye begi, mtu asiye na duka wala jina. Pakiti ilikuwa na picha ya chui, herufi za Kichina kila upande, na ahadi kwa Kiingereza kibovu kwamba inatibu mafua, pumu, mgongo, na nguvu za kiume. Shilingi 1,800. Baba Mdogo alikuwa na hakika nayo kwa sababu Wachina ni watu wa zamani na wamejenga barabara.

Na mwishowe, ujumbe kutoka base. Mzee mwenzake mmoja, mtu wa kimya ambaye hatukujua hata ana shida, alituma namba ya simu na maneno manne: "Huyu Mchina anasikiliza mtu."

*

Kliniki ilikuwa juu ya ghorofa upande wa Kilimani, ngazi nyingi, harufu ya moshi wa majani yaliyochomwa. Nilikuwa nimejiandaa kupigana. Nilikuwa na takwimu kwenye simu, nilikuwa na namba ya hospitali, nilikuwa na hasira ya mtu ambaye ameona mililita 1,100. Dada alikuwa ametuma shilingi 3,000 za kikao kimoja pamoja na onyo: asinywe kitu chochote hapo kabla hujanitumia picha.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sweta. Mkalimani alikuwa kijana wa Kayole aliyejifunza Kichina katika Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ile iliyofunguliwa mwaka wa 2005, na alimwita babangu "Mzee" tangu mlangoni. Daktari alishika mkono wa kushoto wa Mzee, vidole vitatu kwenye mshipa, akanyamaza. Kisha wa kulia. Akamwomba atoe ulimi. Halafu akaanza kuuliza.

Unaamka mara ngapi usiku? Kabla ya mpira, ulikuwa unaamka mara ngapi? Tangu lini? Mkojo ulikuwa unaanza haraka au unangoja? Ukingoja, unangoja huku unafikiria nini? Miguu yako ni baridi? Kiu unayo? Ulikuwa unafanya kazi gani?

Mzee akasema dereva. Daktari akacheka kidogo na kusema kitu. Kijana akatafsiri: "Anasema madereva wa Beijing pia."

Nilikaa kwenye kiti cha pembeni nikamsikia babangu akieleza miaka sita kwa mgeni, kupitia kijana wa Kayole, jambo ambalo Mama hakuwa amelipata kwa miaka hiyo sita. Mara tano. Tangu 2017. Nangoja. Nikingoja nafungua bomba la maji ili nisikie maji. Nilianza kuogopa kwenda safari. Nilikosa mazishi ya rafiki yangu Kakamega kwa sababu basi halisimami. Alikosa mazishi yale akisema ana kazi. Sisi wote tulikumbuka kazi hiyo.

Ilichukua dakika 40, na hakuna sindano iliyokuwa imetoka bado.

Kisha Mzee akatoa pakiti ya chui mfukoni. Hakuwa ameniambia ameibeba. Daktari aliigeuza, akasoma mgongo wake kwa kidole, akasimama mahali pamoja. Alisema neno moja mara mbili: mahuang. Kijana alieleza. Ni mmea wa zamani sana katika tiba yao, mzuri kwa pumu na mafua, na una efedrini ndani. Efedrini inakaza shingo ya kibofu. Yaani ni binamu wa karibu wa kile kilichokuwa kwenye tembe za mafua zilizompeleka hospitalini. Daktari alifungua droo, akaitia pakiti ndani, akafunga. Mzee alimtazama kama abiria aliyenyang'anywa chenji. Mtu aliyekataa dawa ya Kichina siku ile alikuwa Mchina.

Nimesoma mengi tangu hapo, na droo ile naielewa zaidi. Kuna mchanganyiko wa dawa za mkojo ambao umo kwenye vitabu vya Kichina tangu enzi ya Song, na moja ya viungo vyake huitwa mutong. Kwa muda mrefu waliokuwa wakiuza mutong walikuwa wakiuza mmea mwingine wenye jina linalofanana, guan mutong, wenye asidi ya aristoloki, sumu inayoua figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo. China ilipiga marufuku guan mutong mwaka wa 2003. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake zaidi ya 100 mjini Brussels waliharibika figo kwa vidonge vya kupunguza mwili ambamo mmea wa jamii hiyo hiyo ulikuwa umeingia badala ya mwingine. Kwa hiyo mtu akikuuzia unga usio na jina kwa ajili ya mkojo, anachokuuzia kinaweza kuwa kinamaliza figo zile zile unazojaribu kuziokoa.

Lakini pia siwezi kusema ni upuzi wote. Nikiwa mtoto nilipona malaria kwa vidonge vyenye artemisinini, na artemisinini ilitoka kwa mmea wa qinghao, ambao Tu Youyou aliufuata baada ya kusoma kitabu cha tiba cha karne ya 4. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015. Madaktari wa Kichina wako Zanzibar tangu miaka ya 1960, na mwaka wa 1987 Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mradi na Wachina wa kujaribu dawa zao kwa wagonjwa wa ukimwi, wakati ambapo dawa ya maana ilikuwa bado haba mno duniani. Haya mambo hayakuja jana na barabara.

*

Alipolala kwenye kitanda, Mzee aliuliza swali lililomleta. "Nikichomwa hizi, nitaepuka kisu?"

Kijana alitafsiri. Daktari alijibu taratibu, na kijana akasema kwa Kiswahili safi kuliko changu: "Anasema sindano haiondoi nyama iliyokua. Hata akikuchoma mwaka mzima. Inaweza kusaidia kibofu kikumbuke kazi yake, na inaweza kukutuliza. Anasema mpira usiguse. Waliouweka ndio watauondoa. Ukiutoa wewe, usirudi kwake."

Nilikuwa nimesema maneno hayo hayo sebuleni wiki nzima. Kutoka kwangu yalikuwa maneno ya mtoto.

Sindano ni nyembamba kama unywele mnene. Aliweka mbili juu kidogo ya kinena, mbili ndani ya mguu juu ya kifundo, mbili chini ya goti. Juu ya kitovu aliweka chumvi na kifundo cha majani makavu, akayachoma polepole, ndiyo ile harufu ya ngazini. Siku nyingine alimlaza kifudifudi na kuchoma kwenye mfupa wa chini ya mgongo, ule wenye matundu manane ambamo mishipa ya fahamu ya kibofu hupita. Hapo ndipo niliponyanyua macho kutoka kwenye simu, kwa sababu hospitali za Marekani na Ulaya tangu miaka ya 1990 huweka mashine ndogo ya umeme karibu na mishipa hiyo hiyo, kwa watu ambao kibofu chao kimekataa bila kuzibwa na kitu. Mahali ni pale pale. Maelezo ndiyo tofauti.

Na maelezo yao, jamani. Ugonjwa huo wanauita longbi: sehemu ya kwanza ya neno ni mkojo unaodondoka, ya pili ni mlango uliofungwa kabisa. Yaani miaka sita ya Mzee na ule usiku mmoja, vyote katika neno moja. Katika kitabu chao cha kale, Neijing, chenye umri wa miaka kama 2,000, viungo vya mwili ni serikali, na kibofu ni afisa wa mkoa anayetunza maji na kuyaachia kwa amri. Mzee akiwa amelala na sindano tumboni akasema, "Kumbe kibofu ni DO." Kijana alishindwa kutafsiri kwa kicheko.

Kulikuwa na mganga wa karne ya 14, Zhu Danxi, aliyetibu mkojo uliofunga kwa kumtapisha mgonjwa. Hoja yake ilikuwa kwamba chombo chenye mdomo hakimwagi maji ukiziba tundu la juu. Fungua juu, chini kutatiririka. Mzee alipofika nyumbani aliweka mrija kwenye soda, akaziba juu kwa kidole gumba, akauinua. Soda haikudondoka. Akatoa kidole. Ikadondoka kwenye kitambaa cha Mama. Alirudia mara tatu. Sijui kama hoja hiyo ina ukweli wowote kuhusu tezi dume, na nina shaka sana. Ila ilikuwa mara ya kwanza tangu Aprili kumwona akiongea habari ya mkojo kwa udadisi, bila haya.

Ila hadithi aliyoipenda zaidi ni ya Sun Simiao, mganga wa karne ya 7. Aliandika kwamba mkojo ukifunga kabisa, chukua jani la kitunguu kibichi, lile lililo wazi ndani kama bomba, likate ncha, liingize kwenye njia ya mkojo kiasi cha vidole kadhaa, kisha pulizia taratibu. Mkojo utatoka.

Mzee aliinuka nusu kitandani. "Kitunguu?"

"Kitunguu," kijana akasema.

"Kwa hiyo hata wao, mwishowe, ni mpira."

Daktari alipotafsiriwa hayo alitikisa kichwa kwa kukubali, na nadhani hiyo ndiyo sentensi iliyofanya kazi kubwa kuliko sindano zote. Miaka 1,300 iliyopita, katika nchi ambayo Mzee aliiamini kuwa na njia ya kuepuka mpira, mganga mkubwa kuliko wote alikuwa ameshika mpira wa kitunguu. Mfuko kwenye paja haukuwa tena aibu ya hospitali yetu.

*

Alienda vikao sita. Shilingi 18,000, zote kutoka Doha. Tarehe ya kliniki ilipofika, hospitali ilitoa maji kwenye kipira, ikaondoa mpira, ikamwambia anywe maji na angoje. Saa mbili baadaye bawaba ya choo cha wanaume ililia na Mzee akatoka akiwa ameinua kidole gumba kama Rais.

Nani alishinda? Baba Mdogo anasema Mchina. Dada anasema tamsulosini, na ana hoja: wanaume wengi wanaopewa dawa hizo hufaulu mpira ukitolewa, bila sindano yoyote. Na tembe za mafua zilikuwa zimetoka mwilini zamani. Utafiti uliopo kuhusu sindano na mkojo uliofunga ni mwingi zaidi kwa watu wengine, akina mama waliotoka kujifungua, watu waliotoka kwenye upasuaji, waliopata kiharusi. Kwao kuna dalili kwamba inasaidia, ingawa nyingi ya tafiti hizo ni ndogo na zina mapengo. Kwa tezi iliyokua, daktari wa sweta alikuwa amekwisha sema: haiondoi nyama.

Na haikuiondoa. Desemba bawaba ilikuwa imerudi mara nne. Safari hii Mzee alimwambia Mama mwenyewe, mezani, akitumia neno kibofu. Alipimwa damu kuangalia saratani, haikuonekana. Machi 2024 alifanyiwa upasuaji ule unaopita ndani ya njia ya mkojo, bila kukata tumbo. Alikaa na mpira siku tatu, na hakuna aliyemsikia akisema atang'oa. Kabla ya kuingia alimwuliza daktari wa upasuaji maswali 11 aliyoyaandika kwenye karatasi. Daktari alianza kwa kutazama saa, kisha akavuta kiti akakaa.

Mpaka sasa anaamka mara moja, na hiyo moja kweli huwa ni chai.

Amerudi base. Juzi nilimpelekea mwavuli nikamkuta anacheza na jamaa mmoja wa makamo, fundi wa viatu, kofia ya Toyoyo kichwani. Jamaa alikuwa ameinuka kwa mara ya pili tangu nifike, na Mzee alimngoja bila kugusa kete. Aliporudi, akakaa, akasema mapema kabla ya kuulizwa: "Ni hii baridi."

Mzee alisogeza kete moja. Hakumtazama usoni.

"Usiku," akauliza, "unaamka mara ngapi?"

Jamaa aliangalia ubao. Aliangalia soko, akaniangalia mimi. Nikageuka kutazama matatu, nikajifanya nasubiri mtu. Nyuma yangu nikasikia kete ikiwekwa chini, na baada ya muda, sauti ya chini sana: "Tatu. Siku zingine nne."

"Tangu lini?" akauliza Mzee.